BeagleBone Black imeingia kwa ssh lakini haina intaneti: fuata pakiti ujue inafia wapi

Umechomeka BeagleBone Black (kompyuta ndogo ya bodi moja) kwenye laptopu kwa waya mmoja wa USB, umeingia kwa ssh (njia ya kutumia terminali ya kompyuta nyingine) bila shida, ukaandika `sudo apt update`. Terminali ikakaa kimya, kisha ikatoa "Temporary failure resolving 'deb.debian.org'". Hapa ndipo wengi huanza kubandika amri za iptables (kanuni za faiwoli ya Linux) walizookota huku na kule, moja juu ya nyingine, mpaka laptopu yenyewe nayo inakosa intaneti. Usifanye hivyo. Pakiti (kipande cha data) inayotoka kwenye bodi kwenda nje inapita vituo vichache tu, na kila kituo kikiharibika kina dalili yake. Ukishajua imefia kituo kipi, dawa mara nyingi ni mstari mmoja.

Maelezo haya ni ya BeagleBone Black yenye Debian, ikichomekwa kwenye laptopu ya Linux inayopata intaneti kwa Wi-Fi, modemu au hotspoti ya simu. Windows na Mac zina sehemu yake chini, na wenye Raspberry Pi Zero watakuta tofauti zao mwishoni.

Kilichomo ndani ya waya ule

Tundu la mini-USB la bodi hii halipitishi umeme peke yake. Bodi ikishawaka hujitambulisha kwa laptopu kama vifaa kadhaa kwa pamoja: diski ndogo, laini ya siro (serial) ambayo Linux huiita `/dev/ttyACM0`, na kadi mbili za mtandao. Kadi ya kwanza ndani ya bodi inaitwa `usb0`, anwani yake ni 192.168.7.2, na laptopu upande wa pili hupewa 192.168.7.1. Ya pili ni `usb1`, yenye 192.168.6.2, na laptopu hupewa 192.168.6.1. `usb0` inatumia RNDIS, lugha ya Windows; `usb1` inatumia ECM au NCM kutegemea toleo la mfumo, na hiyo ndiyo Mac inayoielewa. Linux inaelewa zote, kwa hiyo kwenye Linux kadi zote mbili huamka pamoja. Shika jambo hili, maana watu wengi hufungua njia kwenye kadi ya 6 huku bodi ikituma pakiti zake kwenye kadi ya 7.

Bodi ndiyo inayoigawia laptopu anwani. Yaani kwa hesabu zake, yenyewe ndiyo mwenyeji na laptopu ni mgeni. Mwenyeji haombi njia ya kutokea kwa mgeni wake, ndiyo maana bodi haina njia ya msingi wala seva ya majina (inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani) mpaka uiwekee. Kazi ni tatu: laptopu ikubali kupitisha pakiti za mwingine, laptopu izivike pakiti hizo anwani yake zinapotoka, na bodi iambiwe ipite wapi na iulize majina kwa nani.

Kituo cha kwanza: waya na umeme

Waya nyingi za mini-USB zilizobaki nyumbani zilikuja na spika au tochi, na ndani zina nyuzi mbili tu za umeme. Bodi itawaka vizuri, taa ya USR0 itapiga kama moyo, lakini laptopu haitaona chochote. Kabla ya kuchomeka, fungua terminali kwenye laptopu uache hii ikikimbia:

    sudo dmesg -w

Chomeka, subiri kama nusu dakika bodi imalize kuwaka. Unatakiwa kuona kifaa kipya cha USB, halafu mistari yenye `rndis_host`, `cdc_ether` au `cdc_ncm`, na `cdc_acm` pamoja na `ttyACM0`. Ukiona mistari hiyo, waya ni mzima. Kama taa zinawaka na dmesg haijasema neno, badilisha waya kwanza kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Ukiona "USB disconnect" kisha "new high-speed USB device", tena na tena, umeme hautoshi au tundu limelegea. Bodi peke yake hula kati ya mA 210 na 460, na tundu la USB 2.0 la laptopu limeahidi mA 500 tu. Ukiongeza adapta ya Wi-Fi au kamera kwenye tundu lake la USB, umevuka. Hapo ilishe kwa tundu la duara: volti 5 zenye chanya katikati, ampea 1 kwa bodi tupu, 2 ikiwa imebeba vifaa. Waya wa USB unaweza kubaki mahali pake kwa ajili ya mtandao. Kagua lebo ya adapta kabla ya kuichomeka, kwa sababu pini ya adapta nyingi za volti 12 huingia kwenye tundu hilo bila kubisha.

Kisha andika `lsusb`. Bodi iliyowaka kwa Debian huonekana kama `1d6b:0104`. Ukikuta `0451:6141` badala yake, bodi haikupata mfumo wowote kwenye eMMC (hifadhi ya ndani ya bodi) wala kadi ya microSD, na iko kwenye programu ya kuwashia iliyochomwa ndani ya chipu. Hali hii inadanganya, kwa sababu hata hapo laptopu huona kadi ya mtandao ya RNDIS. Dawa yake ni kuandika mfumo upya kwenye microSD.

Kituo cha pili: majina na anwani

Kwenye laptopu:

    ip -br addr

Jibu zuri linafanana na hili:

    lo               UNKNOWN  127.0.0.1/8
    wlp2s0           UP       192.168.1.34/24
    enx1cba8ca2ed6a  UP       192.168.7.1/24
    enx1cba8ca2ed6c  UP       192.168.6.1/24

Jina refu linaloanza na `enx` limetungwa kutokana na anwani ya MAC (namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao), kwa hiyo lako halitafanana na la mtu mwingine. Amri nyingi zinazosambaa zimeandikwa `wlan0` na `eth1`. Ukizibandika zilivyo, iptables inazikubali bila kulalamika na hakuna kinachopita. Hifadhi majina yako kwenye terminali hiyohiyo utakayofanyia kazi:

    NJE=wlp2s0
    BODI=enx1cba8ca2ed6a

`NJE` ni kiolesura (kadi ya mtandao) chenye intaneti. Kama laptopu inapata intaneti kwa simu iliyochomekwa USB, hicho nacho kitakuwa na jina la `enx` au `usb0`. Watofautishe kwa anwani, si kwa jina. Hakikisha `BODI` ni ile yenye 192.168.7.1, si 6.1. Kama haina anwani kabisa, ipe:

    sudo ip addr add 192.168.7.1/24 dev $BODI
    sudo ip link set $BODI up

Sasa angalia mambo mawili ambayo huleta vurugu kimyakimya. La kwanza ni mgongano wa anwani: kama ruta ya nyumbani au ofisini nayo inagawa 192.168.7.x au 192.168.6.x, laptopu itakuwa na barabara mbili zenye namba moja. Andika `ip route get 192.168.7.2`, jibu lazima litaje `dev` na jina la `BODI`. Modemu nyingi za Huawei hutumia 192.168.8.1 na hotspoti ya iPhone hutumia 172.20.10.x, kwa hiyo hizo hazigombani na bodi.

La pili: andika `ip route | grep default`. Ukiona mistari miwili, na mmoja unapita kwa `BODI`, NetworkManager (programu inayosimamia mitandao) ya laptopu imedhani bodi ndiyo mlango wa intaneti. Dalili yake ni kwamba intaneti ya laptopu inakatika kila unapochomeka bodi na kurudi ukichomoa. Tafuta jina la muunganisho kisha uukataze:

    nmcli -f NAME,DEVICE connection show
    sudo nmcli connection modify "Wired connection 2" ipv4.never-default yes
    sudo nmcli connection up "Wired connection 2"

Weka jina uliloliona wewe. Halafu pima laptopu yenyewe kwa `ping -c 3 8.8.8.8`, amri inayoangalia kama anwani ya mbali inajibu. Bando likiwa limeisha, hakuna cha kugawa.

Kituo cha tatu: laptopu ikubali kupitisha

    sudo sysctl -w net.ipv4.ip_forward=1
    sudo iptables -t nat -A POSTROUTING -s 192.168.7.0/24 -o $NJE -j MASQUERADE
    sudo iptables -I FORWARD 1 -i $BODI -o $NJE -j ACCEPT
    sudo iptables -I FORWARD 1 -i $NJE -o $BODI -m conntrack --ctstate RELATED,ESTABLISHED -j ACCEPT

Mstari wa kwanza unairuhusu kerneli (kiini cha Linux) kupokea pakiti isiyo yake na kuisogeza mbele. Wa pili unabadilisha anwani ya mtumaji, kazi inayoitwa NAT: 192.168.7.2 haijulikani na ruta yako, kwa hiyo laptopu inaivika pakiti anwani yake na kukumbuka jibu ni la nani. Wa tatu unafungua njia ya kwenda na wa nne njia ya kurudi.

Kwenye FORWARD tumetumia `-I` badala ya `-A`. Kanuni husomwa kutoka juu kwenda chini, na `-I ... 1` inaweka yako juu kabisa. Laptopu yenye ufw (programu ya faiwoli) inaweza kuwa na kanuni ya kukataa inayotangulia, na yako ikiwekwa mkiani haitafikiwa kamwe. Docker (programu ya makontena) nayo, ikishawaka, huweza kugeuza msimamo wa FORWARD kuwa DROP, kwa hiyo kila kisichotajwa kinatupwa. Ugawaji uliofanya kazi mwezi mzima ukikatika ghafla siku uliyosakinisha Docker, sababu ndiyo hiyo. Thibitisha kwa:

    sudo iptables -L FORWARD -v -n

Mstari wa kwanza utasema `policy ACCEPT` au `policy DROP`. Safu ya `pkts` upande wa kushoto inahesabu pakiti zilizogusa kila kanuni. Kanuni yako ikibaki na sifuri wakati bodi inapiga ping, ama jina la kiolesura limekosewa, ama pakiti hazijafika laptopu.

Kama laptopu inatumia NetworkManager, ipo njia fupi zaidi, na kwenye Fedora ndiyo ya kuanza nayo, kwa sababu faiwoli ya pale ina kanuni zake mbali na hizi:

    sudo nmcli connection modify "Wired connection 2" ipv4.method shared ipv4.addresses 192.168.7.1/24
    sudo nmcli connection up "Wired connection 2"

Usiache kutaja `ipv4.addresses`. Bila hiyo, NetworkManager inajipa 10.42.0.1, na bodi iliyobaki 192.168.7.2 inapotea hapohapo, ssh ikakatika mkononi. Hilo likikutokea, bado laini ya siro iko hai: `sudo screen /dev/ttyACM0 115200`, bonyeza Enter, ingia.

Kituo cha nne: bodi ijue njia

Ingia kwa `ssh debian@192.168.7.2`. Nenosiri kwenye mifumo mingi ya bodi hii ni `temppwd`. Kisha:

    sudo ip route add default via 192.168.7.1 dev usb0

Ukijibiwa "File exists", tayari ipo njia nyingine ya msingi, labda iliyobaki kutoka waya wa Ethaneti. Itazame kwa `ip route`, halafu tumia `replace` mahali pa `add`. Ukiambiwa "Network is unreachable" au "Nexthop has invalid gateway", `usb0` haina anwani ya 192.168.7.2, rudi kituo cha pili, safari hii ndani ya bodi.

Kabla ya kugusa seva ya majina, tazama faili lake ni la aina gani:

    ls -l /etc/resolv.conf

Likiwa faili la kawaida, andika juu yake:

    echo "nameserver 8.8.8.8" | sudo tee /etc/resolv.conf

Likiwa ni kiungo kinachoelekea kwa systemd-resolved (huduma ya mfumo inayoshughulikia majina), ukiandika humo kazi yako itafutwa. Tumia:

    sudo resolvectl dns usb0 8.8.8.8
    sudo resolvectl domain usb0 '~.'

Mifumo ya zamani ya bodi hii ina connman (programu inayosimamia mtandao), nayo hulitengeneza faili hilo upya kila bodi ikiwaka. Kwa kazi ya mara moja haidhuru.

Mitandao ya baadhi ya vyuo na ofisi huzuia maswali ya majina yanayokwenda nje. Dalili: ping ya 8.8.8.8 inajibu, majina hayajibu. Tazama laptopu inatumia seva gani kwa `nmcli dev show | grep DNS`, uiandike hiyohiyo kwenye bodi.

Ping nne, kwa mpangilio huu

Ukiwa ndani ya bodi:

    ping -c 3 192.168.7.1
    ping -c 3 192.168.1.1
    ping -c 3 8.8.8.8
    ping -c 3 deb.debian.org

Ya pili ni anwani ya ruta yako, ile inayofuata neno `default via` kwenye laptopu. Ya kwanza ikishindwa, kosa liko kwenye waya, anwani au faiwoli ya laptopu, na hakuna haja ya kugusa NAT. Ya kwanza ikijibu na ya pili ikafa, laptopu haipitishi au haibadilishi anwani. Ya pili ikijibu na ya tatu ikafa, tatizo liko mbele ya ruta: bando, mtandao wa simu, au ukurasa wa kuingia wa hoteli ambao haujaufungua kwenye kivinjari cha laptopu. Ya nne peke yake ikishindwa, ni seva ya majina.

Pakiti ikifia ndani ya laptopu

Hapa ndipo kubahatisha kunakula siku nzima, na ndipo tcpdump (programu ya kutazama pakiti zinazopita) inapokata mzizi kwa dakika mbili. Acha bodi ipige ping bila kikomo, `ping 8.8.8.8`. Kwenye laptopu fungua terminali mbili. Kumbuka `BODI` na `NJE` zinajulikana tu kwenye terminali ulikoziandika, kwa hiyo ziandike tena. Ya kwanza:

    sudo tcpdump -ni $BODI icmp

Ya pili:

    sudo tcpdump -ni $NJE icmp

Soma hivi. Kama upande wa `BODI` hauonyeshi kitu, pakiti haijatoka kwenye bodi kwa waya huo. Andika kwenye bodi `ip route get 8.8.8.8`, karibu kila mara utakuta inaelekea `usb1` au `eth0`.

Kama upande wa `BODI` unaonyesha `192.168.7.2 > 8.8.8.8: ICMP echo request` na upande wa `NJE` kimya, laptopu imepokea na kutupa. Angalia `sysctl net.ipv4.ip_forward`, ikiwa 1, kosa ni kanuni za FORWARD.

Kama upande wa `NJE` unaonyesha pakiti ikitoka na anwani yake ya nyumbani, `192.168.7.2 > 8.8.8.8`, MASQUERADE haifanyi kazi. Upitishaji umekubali, ila pakiti imetoka nje na anwani ambayo ruta haiwezi kuirudishia jibu. Tazama `sudo iptables -t nat -L POSTROUTING -v -n` uone jina lililoandikwa safu ya `out`.

Kama inatoka ikiwa `192.168.1.34 > 8.8.8.8` na hairudi, laptopu imemaliza kazi yake; mlaumu aliye mbele. Na kama `echo reply` inaingia upande wa `NJE` lakini haitokei upande wa `BODI`, imekosekana kanuni ya nne, ile ya RELATED,ESTABLISHED. Hii ndiyo kanuni inayosahaulika kuliko zote, kwa sababu mtu akishafungua mlango wa kutokea huona amemaliza.

Ping zote zinajibu, apt bado inagoma

Tazama saa kwanza. BeagleBone Black haina betri ya saa; ukiizima, inasahau leo ni lini na kuwaka na tarehe ya nyuma. Kwa tarehe hiyo, vyeti vya usalama vya tovuti vinaonekana havijaanza kutumika, na apt inasema faili la Release "is not valid yet". Watu hulaumu mtandao wakati mtandao umeshapona. Ipe bodi saa ya laptopu kwa amri hii, ukiiandika kwenye laptopu:

    ssh -t debian@192.168.7.2 "sudo date -u -s '@$(date +%s)'"

Intaneti ikishakaa sawa, huduma ya kulinganisha saa itaendelea yenyewe.

Kosa la 404 ni habari tofauti: maana yake umefika kwenye seva na faili halipo. Matoleo ya Debian yanayoitwa Jessie na Stretch yamehamishiwa archive.debian.org. Unaweza kubadilisha anwani kwenye `/etc/apt/sources.list` na kuendesha `sudo apt -o Acquire::Check-Valid-Until=false update`, lakini ukiwa na nafasi ni afadhali uandike mfumo mpya kwenye microSD kuliko kufufua uliopitwa na marekebisho ya usalama.

Apt ikijaribu anwani ndefu za IPv6 na kusema "Network is unreachable", ni kwa sababu tumegawa IPv4 tu. Ongeza `-o Acquire::ForceIPv4=true`.

Ping inajibu, majina yanajibu, lakini kupakua kunaganda baada ya baiti chache? Uliza kama laptopu iko kwenye VPN. Kwanza, trafiki inatokea `tun0` au `wg0`, kwa hiyo `NJE` inapaswa kuwa hiyo. Pili, VPN hubeba pakiti ndogo kuliko zile 1500 ambazo bodi inadhani zinapita. Punguza hivi:

    sudo iptables -t mangle -A FORWARD -p tcp --tcp-flags SYN,RST SYN -j TCPMSS --clamp-mss-to-pmtu

Kwa anayelipia intaneti kwa bando: `apt upgrade` hutaja ukubwa wa kupakua kabla ya kuuliza ndiyo au hapana, na ukubwa huo kwenye bodi ambayo haijaguswa muda mrefu unaweza kumaliza bando la wiki. Soma namba ile. Sakinisha unachohitaji tu kwa `--no-install-recommends`, na kama wengine wanatumia hotspoti ileile, `-o Acquire::http::Dl-Limit=100` inaizuia apt isivuke kilobaiti 100 kwa sekunde.

Ili isipotee ukizima

Njia ya nmcli hudumu yenyewe. Kwa njia ya iptables, andika `net.ipv4.ip_forward=1` kwenye `/etc/sysctl.d/99-bodi.conf`, sakinisha `iptables-persistent` kwenye Debian au Ubuntu, kisha `sudo netfilter-persistent save`.

Upande wa bodi, mifumo ya zamani husoma `/etc/network/interfaces`: ongeza `gateway 192.168.7.1` chini ya `iface usb0`. Mifumo mipya hutumia `/etc/systemd/network/usb0.network`. Usifute kilichomo, maana humo ndimo bodi inapoelekezwa kuigawia laptopu anwani. Ongeza tu chini:

    [Route]
    Gateway=192.168.7.1
    Metric=2000

Metric kubwa ina maana njia hii ni ya akiba. Siku utakayochomeka Ethaneti, bodi itapendelea Ethaneti badala ya kung'ang'ania waya wa USB usio na kitu upande wa pili.

Windows na Mac

Kwenye Windows fungua `ncpa.cpl`, bonyeza kulia kadi ya Wi-Fi, Properties, kichupo cha Sharing, weka alama, uchague kadi ya RNDIS. Papo hapo Windows huipa kadi hiyo 192.168.137.1 na ssh ya 192.168.7.2 inakufa. Rudi kwenye kadi ya RNDIS, fungua sifa za IPv4, uandike mwenyewe 192.168.7.1 na barakoa 255.255.255.0, ugawaji utaendelea. Faiwoli ya Windows kwa kawaida haijibu ping, kwa hiyo ping ya kwanza ikikaa kimya usikate tamaa, jaribu ya tatu. Baada ya kuwasha Windows upya ugawaji mara nyingi hulala ingawa alama bado ipo: iondoe alama, bonyeza OK, iweke tena.

Mac inagawa kwa kutoa anwani yenyewe, 192.168.2.x, na kadi inayotumika ni `usb1`. Ingia kwa siro, kisha `sudo dhclient usb1`. Bodi itapokea anwani, njia na seva ya majina kwa mkupuo mmoja.

Wenye Raspberry Pi Zero

Pi Zero haijitambulishi kama kadi ya mtandao mpaka uiambie. Kwenye `config.txt` ongeza `dtoverlay=dwc2`, na kwenye `cmdline.txt`, baada ya neno `rootwait`, acha nafasi moja uandike `modules-load=dwc2,g_ether`. Faili hili la pili ni mstari mmoja mrefu. Ukibonyeza Enter ndani yake, Pi haitawaka sawasawa. Kuanzia toleo la mfumo liitwalo Bookworm mafaili yote mawili yako `/boot/firmware/`. Chomeka waya kwenye tundu lililoandikwa USB, siyo PWR IN, ambalo halina data.

Tofauti inayosumbua zaidi ni kwamba `g_ether` hujitungia anwani mpya ya MAC kila Pi inapowaka. Laptopu huona kadi ngeni, na jina lake likiwa la `enx` nalo linabadilika, na kanuni zote ulizoandika kwa jina la jana zinabaki zikisubiri kadi ambayo haitarudi. Zifunge kwa kuandika kwenye `/etc/modprobe.d/g_ether.conf`:

    options g_ether host_addr=02:00:00:00:07:01 dev_addr=02:00:00:00:07:02

Namba 02 mwanzoni inaonyesha anwani imetungwa na mwenye mtandao, hivyo haiwezi kugongana na ya kiwandani. Ukiwa na Pi mbili kwenye laptopu moja, badilisha tarakimu za mwisho za ya pili.